Gofu na Mahame: Wahifadhi wa Majengo ya Kale na Ngome za Udongo za Bungoma

UTANGULIZI

Kiswahili kina maneno mawili ya mahali palipoachwa na watu. Neno gofu hutumika kwa nyumba ya mawe iliyopoteza paa, ambayo kuta zake bado zimesimama. Neno mahame, lililotokana na kitenzi kuhama, hutumika kwa mji au kijiji ambacho wenyewe wameondoka, hata kama pamebaki majani matupu. Gofu hujishuhudia lenyewe. Mpita njia huliona hata akiwa mgeni asiyemjua mtu. Mahame huhitaji shahidi, mtu wa pale pale wa kusema kwamba hapa palikaa fulani na fulani, na mlango ulikuwa upande ule.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi tofauti hiyo, ambayo mtunga kamusi angeiona ndogo, ilivyoathiri historia ya kuhifadhi majengo ya kale katika Afrika ya Mashariki. Tangu miaka ya 1950 umeundwa katika eneo hili mtandao wa wataalamu wa hifadhi: wasanifu wa majengo, waakiolojia, wakuu wa makumbusho na mafundi, ambao wamesoma pamoja, wakaandikiana na kuazimana mbinu toka nchi hii hadi ile. Mtandao huo ulizaliwa magofuni, yaani pwani. Mfano tutakaoupima nao uko mbali na bahari. Ni ngome za udongo za Wabukusu na Watachoni katika nchi ya Bungoma, kuanzia kilima cha Chetambe juu ya Webuye hadi Malakisi na Sirisia kwenye mpaka wa Uganda. Na pamoja nazo makumbusho ya Kitale, ambayo ndiyo yaliyokuwa mlango wa mtandao huo kuingilia magharibi mwa Kenya.

Dai letu ni kwamba ngome hizo hazikukosa watunzaji. Zilikuwa nao, na baadhi yao waliianza kazi hiyo kabla ya wataalamu kufika. Ila hawakuhesabiwa kuwa watunzaji, na kazi yao ilipoonekana ilichukuliwa kuwa ni uasi.

LUKOBA

Sirisia ni nchi ya miteremko chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji wa pande zote mbili za mpaka huuita Masaba. Leo mtu akivuka daraja la Lwakhakha ameingia Uganda, lakini mpaka huo ni mgeni kuliko kaburi la babu wa babu. Hadi mwaka 1902 nchi yote hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Ndipo ikahamishwa kwa amri ya serikali ya Uingereza na kutiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana ndilo lililofanya kumbukumbu za watu wa mlima mmoja zigawanyike baina ya makumbusho mawili ya taifa, la Kampala na la Nairobi.

Katika karne ya 19 Wabukusu waliishi kwa wingi ndani ya vijiji vilivyozungushiwa ukuta. Kijiji cha namna hiyo waliita lukoba, na wingi wake chingoba. Sababu yake ilikuwa vita. Wamaasai wa Uasin Gishu, Wateso na makundi kadhaa ya Wakalenjin waliwashambulia na kuwanyang'anya mifugo, nao Wabukusu, inafaa tukiri, hawakukaa tu wakingoja kushambuliwa. Ukuta wa lukoba ulijengwa kwa udongo, na nje yake palichimbwa handaki. Ukuta na handaki vilikuwa kazi moja: shimo lilivyozidi kwenda chini ndivyo kifusi kilivyozidi kuinua ukuta. Ndani zilikuwamo nyumba za mviringo za miti iliyokandikwa na kuezekwa majani, na mifugo iliingizwa jioni kwa milango michache iliyo myembamba. Joseph Thomson, aliyefika magharibi mwa Kenya mwaka 1883, aliviona vijiji vyenye kuta za udongo na mahandaki, akaviandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1885.

Jengo la aina hiyo lina tabia yake. Ukuta wa udongo usio na paa huyeyuka kwa mvua, na nchi ya Elgon ni nchi ya mvua nyingi. Ili udumu ni lazima ukandikwe tena kila mwaka, na anayeukandika ni yule yule anayeutegemea kumlinda usiku. Kwa hiyo hapakuwa na fundi wa ngome aliyetengwa na mwenye ngome. Amani ya kikoloni ilipoingia, amani iliyoletwa kwa bunduki, watu walitoka ndani ya kuta wakatawanyika kwenye mashamba yao, na baada ya misimu michache kuta zikarudi kuwa ardhi. Mahandaki yalidumu zaidi. Kisha likaja plau la kukokotwa na ng'ombe, pamoja na mahindi ya kuuza, na kila mfuo ulijaza handaki kidogo. Hivi ndivyo lukoba ilivyokuwa mahame, bila ya kupitia hatua ya kuwa gofu.

Hapa pana swali la lugha ambalo wasomaji wa jarida hili watalielewa upesi. Lukoba kwa Kiswahili ni nini? Wengi husema ngome. Neno hilo ndilo la Ngome Kongwe ya Unguja na ndilo wenyeji wa Mombasa wanalotumia kuitaja Fort Jesus. Kwa hiyo kulitumia ni kuipandisha lukoba daraja na kuiweka safu moja na majengo ya Wareno na Waomani. Wengine husema boma. Neno hilo ni la kweli zaidi kwa umbo la kitu chenyewe, maana ni uzio wenye watu na wanyama ndani. Lakini boma limepita katika mikono mingi. Kwa mfugaji ni zizi, na kwa raia wa enzi za ukoloni lilikuwa ofisi ya Bwana DC, aliyeitwa huko alikwenda akiwa na mashaka. Mwandishi wa makala haya hupendelea ngome, ingawa hana hakika kwamba si kwa sababu ya fahari tu.

Wataalamu wa kwanza waliozitafuta ngome hizi hawakuwa wahifadhi wa majengo. Günter Wagner, katika juzuu zake kuhusu Wabantu wa Kavirondo ya Kaskazini za mwaka 1949 na 1956, alihusika zaidi na ukoo, ndoa na ibada. Gideon Were, katika historia yake ya Waluyia ya mwaka 1967, alizitumia simulizi za wazee kupanga mpangilio wa uhamiaji. Aliyekwenda kwenye mahandaki yenyewe na kuyaandika kama mahali ni R. T. K. Scully, ambaye makala yake juu ya ngome za Bukusu ya Mashariki yalitoka katika jarida la Azania mwaka 1969, yakafuatwa na mengine mwaka 1979 kuhusu makazi ya karne ya 19 katika eneo la Bungoma na simulizi zinazoambatana nayo. F. E. Makila naye, katika muhtasari wake wa historia ya Wabukusu wa mwaka 1978, aliandika kama mtoto wa nyumbani, na baadhi ya maneno yanayohusu maisha ya ngomeni yamesalimika kwa sababu yake. Itazamwe kwamba watu wote hawa walitegemea vinywa vya wazee. Gofu laweza kupimwa kwa kamba na mtu asiyejua lugha ya mahali. Mahame hayapimiki hivyo.

CHETAMBE: 1895 NA 1947

Ngome mashuhuri kuliko zote iko juu ya mwinuko unaoutazama mji wa Webuye na mto Nzoia. Inaitwa kwa jina la Chetambe, ambaye simulizi humtaja kuwa Mtachoni; nao Wabukusu wanaihesabu kuwa yao kwa damu iliyomwagika pale. Ubishi huo hatutauamua.

Mwaka 1895 C. W. Hobley, afisa wa utawala aliyekaa Mumias, aliongoza vita dhidi ya Wabukusu. Askari wake walikuwa Wasudani, na pamoja nao walikuwamo wasaidizi wa Kiganda, wa Kimaasai na wa Kiwanga kutoka kwa Mumia. Kwanza ilianguka ngome ya Lumboka, kisha Chetambe. Kuta zilizokuwa zimetosha dhidi ya mikuki hazikutosha dhidi ya bunduki. Hobley mwenyewe aliyasimulia mambo hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1929, kwa utulivu wa mtu anayeeleza kazi iliyokwisha. Kwa Wabukusu kazi hiyo haikwisha. Chetambe ikawa tarehe; watu wakahesabu umri wao kutoka pale.

Mwaka 1947, miaka 52 baadaye, Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, ambaye alikuwa ametoka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alikowekwa na serikali, aliwaongoza wafuasi wake kwa maelfu hadi Chetambe. Walikwenda kuwaomboleza waliouawa mwaka 1895 na kutoa sadaka. Serikali iliiona safari hiyo kuwa dalili ya fitina, na kwa upande wa siasa haikukosea, kwani Masinde alitaka wazungu waondoke.

Lakini tukiitazama safari ile kwa jicho la mhifadhi, tunaona nini? Tunaona watu waliokwenda mahali pa historia, wakaonyeshana handaki, wakataja majina ya waliokufa, na kuwarithisha vijana walioandamana nao ujuzi wa mahali hapo. Wakati huo hapakuwa na mtaalamu hata mmoja wa serikali aliyeshughulika na Chetambe. Kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba tendo kubwa la kwanza la hadharani la kuitunza ngome ya udongo katika magharibi ya Kenya lilifanywa na dini iliyokuwa karibu kupigwa marufuku.

Marufuku hayo yalikuja mwaka uliofuata. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, katika Sirisia yetu hii, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Msambwa, na watu 11 wakauawa. Dini ikaharamishwa mwezi ule ule. Masinde alikamatwa na kupelekwa uhamishoni, na mahali alipopelekwa palikuwa Lamu. Mtu aliyekuwa amewaongoza maelfu kwenye mahame ya babu zao aliwekwa katika mji wa mawe ambao, miaka isiyozidi 30 baadaye, ungekuwa darasa la wahifadhi wa Afrika ya Mashariki nzima.

MTANDAO WA PWANI

Mwaka huo huo wa 1948 magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yalitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na James Kirkman akaajiriwa kuyachimba. Hatudai kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Twataka tu msomaji aziweke tarehe hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, kwa kuwa vitabu vya historia ya hifadhi huitaja ya Gedi peke yake.

Kutoka Gedi Kirkman alihamia Mombasa. Fort Jesus, ambayo Waingereza walikuwa wameifanya gereza tangu mwaka 1895, ilitangazwa kuwa mnara wa kihistoria mwaka 1958, ikatengenezwa kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Kirkman akawa mkuu wake wa kwanza. Katika miaka hiyo hiyo iliundwa taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia ya Afrika ya Mashariki, ambayo tangu mwaka 1966 ilitoa jarida la Azania. Hapo ndipo watu wa Kilwa, Gedi, Lamu na Unguja walipoanza kusomana kwa ukawaida.

Lamu iliongeza jambo jipya. Gedi ni mji uliokufa, na gereza la Mombasa lilikuwa tupu lilipokabidhiwa. Lamu watu walikuwa wanaishi. Usam Ghaidan aliuchunguza mji huo nyumba kwa nyumba katika miaka ya 1970, na mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walichapisha, kwa jina la Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mpango wa jinsi ya kuuhifadhi. Siravo huyo huyo baadaye aliandaa mpango wa Mji Mkongwe wa Unguja, uliochapishwa mwaka 1996, ambako mamlaka ya hifadhi ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1985. Mtandao ulikwenda namna hiyo, kwa miguu ya watu wachache. Lamu ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Unguja.

Ujuzi uliosafirishwa na mtandao huo ulikuwa wa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mafundi walikumbushwa kwamba saruji haipatani na ukuta wa chokaa: ni ngumu mno, hufungia unyevu ndani, nao unyevu pamoja na chumvi hula jiwe polepole. Msamiati wake nao ni wa pwani. Kiswahili cha zamani hutofautisha kujenga, ambako asili yake ni kwa miti na udongo, na kuaka, ambako ni kwa mawe. Ndiyo maana fundi wa mawe ni mwashi. Kuna kutomea, yaani kuzibia ukuta wa miti kwa vijiwe na udongo, na kuna kusiriba. Ni msamiati mzuri na wenye kina. Hata hivyo mwanafunzi aliyeutwaa wote angefika Sirisia hana neno la sehemu hata moja ya lukoba isipokuwa handaki.

Sheria iliufuata mtandao. Sheria ya Mambo ya Kale na Minara ya Kihistoria ya Kenya ya mwaka 1983 ilieleza kwamba kitu cha kale ni kile kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo bila shaka ulichaguliwa kwa kuwa ndio Himaya ya Uingereza ilipotangazwa. Lakini kwa Mbukusu ni mwaka wa Chetambe, na ni vigumu kuusoma bila kushtuka kidogo. Sheria hiyo iliendelea kuvilinda vitu maalumu, na miongoni mwavyo ilitaja milango na miimo ya milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Hapo pwani inaonekana waziwazi: mbunge aliyepiga kura Nairobi alikuwa akiulinda mlango wa Lamu usiuzwe Ulaya. Sheria ya mwaka 2006 iliyachukua maneno hayo karibu yalivyo.

Haki itendeke, hata hivyo. Sheria hizo hazikuusahau udongo. Katika maana ya mnara wa kihistoria zinatia pia kazi za kale za udongo zisizohamishika, na handaki la lukoba laweza kuingia humo bila kusukumwa. Kwa hiyo wanaoilaumu sheria kwa kupotea kwa ngome za Bungoma wanaulaumu mlango uliokuwa wazi. Waliokosekana ni watu wa kuupita: mtandao haukuwa na mtu aliyefundishwa kuliona handaki lililojaa nusu katika shamba la mahindi na kusema kwamba hilo ni jengo.

KITALE

Kituo cha karibu kilikuwa Kitale, mji wa walowezi ulioko kiasi cha safari fupi kutoka Bungoma. Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake mwenyewe karibu na mji huo mwaka 1926, akakusanya wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji. Alifariki mwaka 1966, akiwa ameiachia nchi mkusanyiko huo pamoja na fedha. Jengo jipya lilifunguliwa mjini Kitale mwaka 1974, nalo likawa makumbusho ya kwanza ya mikoani kuanzishwa bara katika mfumo wa Makumbusho ya Taifa.

Mwanzo huo ulikuwa na matokeo yake. Mombasa makumbusho yalianza na jengo, na vitu vikatafutwa baadaye vya kutia ndani. Kitale yalianza na vitu, na jengo likatafutwa la kuviweka. Ngao, chungu na mkuki wa Kibukusu vikapata rafu. Lukoba, isiyowekeka rafuni, ikabaki nje. Baadaye zilijengwa uwanjani nyumba za mfano za jamii za eneo hilo, ili watoto wa shule wazione. Tusizidharau nyumba hizo. Udongo wake hukandikwa upya, majani yake huezekwa upya, na anayefanya kazi hiyo anajifunza. Ila nyumba ya mfano haina handaki wala jirani, na mtoto anayetoka pale anaweza kuamini kwamba babu yake aliishi peke yake katika bustani iliyofyekwa vizuri.

UDONGO WAFIKA DARASANI

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1998 ulianzishwa mpango ulioitwa Africa 2009, kwa ushirikiano wa UNESCO, kituo cha kimataifa cha hifadhi cha ICCROM kilichoko Roma, CRATerre ya Grenoble, na taasisi za hifadhi za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa zaidi ya miaka kumi uliendesha kozi ndefu za kikanda. Waliosoma kwa Kiingereza walikutana Mombasa, na waliosoma kwa Kifaransa walikutana Porto-Novo, Benin. Ugawaji huu wa lugha ulizaa jambo la ajabu kidogo. Mtu wa Mali au Togo, aliyetawaliwa na Mfaransa, alipelekwa katika nchi ya majumba ya kifalme ya Abomey, ambayo ni ya udongo na yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1985. Mtu wa magharibi ya Kenya au mashariki ya Uganda, ambaye kwao ni udongo mtupu, alipelekwa kwenye matumbawe. Hata hivyo watu wa Grenoble, ambao udongo ndio somo lao, walifundisha pande zote mbili. Na kwa mara ya kwanza mtaalamu wa Kampala na mwenzake wa Nairobi walikaa benchi moja wakajadili ukuta unaoyeyuka kama ukuta na si kama upungufu.

Mifano miwili iliwasaidia. Wa kwanza ni makaburi ya Kasubi, Kampala, nyumba kuu ya miti, matete na majani iliyojengwa mwaka 1882 kuwa kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza, na ambamo alizikwa mwaka 1884. Iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto. Kama urithi ungekuwa ni vile vitu vyenyewe tu, Kasubi ingekwisha usiku ule. Lakini kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, waliokuwa wakibadilisha majani ya paa hilo kizazi baada ya kizazi. Ujenzi mpya ulichukua miaka mingi, tena wenye mabishano, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Katika shauri lote hilo wazee wa koo walikaa meza moja na wasanifu wa kimataifa, na walipotofautiana si mara zote aliyesoma ndiye aliyekuwa na hoja.

Mfano wa pili ni Thimlich Ohinga, katika Migori, eneo la Ziwa Victoria upande wa Kenya. Ni makazi yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo wa kushikia, yaliyokwisha kukaliwa karne ya 16, na yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kwa shabaha yake Thimlich ni ndugu wa lukoba: kijiji kilichozungushiwa ukuta kwa kujihami, watu na mifugo ndani. Tofauti ni kwamba Migori pana mawe. Kusini yamebaki magofu, kaskazini yamebaki mahame. Cha kusini kimefika kwenye orodha ya dunia, na cha kaskazini hakijamaliza kuhesabiwa. Hatuoni sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

SIRISIA TENA

Turudi basi Sirisia. Utafiti wa Scully wa mwaka 1969 ulihusu upande wa mashariki, na umaarufu wa Chetambe umeendelea kuuvuta macho upande huo huo. Magharibi, kuelekea mpakani, yako mambo yanayohitaji kazi ya namna ile ile. Viko vilima vya Mwalie karibu na Malakisi, ambavyo simulizi za Wabukusu huvitaja miongoni mwa makazi yao ya zamani. Uko mji wenyewe wa Malakisi pamoja na kiwanda chake cha kuchambua pamba cha enzi za ukoloni, kilichokaa kimya miaka mingi. Hicho angalau kina kuta na mabati, na mhifadhi wa kawaida angejua pa kuanzia. Na papo hapo Malakisi pana mahali pa tarehe 10 Februari 1948. Hapo hapahitaji ukuta ili pawe pa kihistoria.

Kazi ya kuhifadhi handaki si ya gharama kubwa. Handaki halitaki kujengwa upya; likichimbuliwa na kupendezeshwa huharibika zaidi, kwa kuwa tabaka zilizojaa ndani yake ndizo kumbukumbu zake. Hutaka majani ya kushika udongo, maji yaelekezwe pembeni, miti yenye mizizi mikubwa isipandwe ukingoni, na plau lipite mbali kwa hatua chache. Kinachogharimu ni kupajua. Shamba ni la mtu, lina hati, na mwenyewe ana watoto wa kulisha. Atakubali kuacha mfuo mmoja bila kulimwa ikiwa anajua ni wa nini, na atakayemwambia kwa lugha inayomwingia si mgeni mwenye ramani.

Hapo ndipo idara za lugha zinapoingia katika jambo ambalo kwa juu juu laonekana ni la wasanifu. Wahifadhi wa pwani walimkuta mwashi akiwa hai, na msamiati wake kamili. Walichofanya ni kuuandika. Huku magharibi aliyekandika ukuta wa lukoba hayupo, na mtoto wake hayupo. Waliobaki ni wajukuu waliosikia. Jina la lango, jina la kidaraja cha kuvukia handaki, jina la zamu ya ulinzi wa usiku, jina la siku ya kukandika: maneno hayo bado hukusanywa kwa bahati, mtu anapouliza habari za jando au za ukoo na mzee akateleza akalitaja moja. Yaandikwe kwa Kibukusu na kwa Kitachoni, kisha yafuatwe ng'ambo ya Lwakhakha kwa Wagisu, ambao lugha yao ni ya karibu mno na ambao hawakuulizwa na Nairobi kwa sababu wako Kampala, wala na Kampala kwa sababu swali lenyewe ni la Bungoma.

Masinde aliachiliwa uhuru ulipokaribia, akarudi Kimilili, akafungwa tena mara kadhaa chini ya serikali ya Kenya huru, na kufariki mwaka 1987. Katika mabishano kuhusu dini yake na siasa zake, safari yake ya Chetambe hutajwa kwa sentensi moja au mbili. Waliokuwa vijana katika msafara ule, kama wako hai, wamekwisha kupita miaka 90.